Miaka Minane ya Obama Kule Springfield: Alibebwa au Alijibeba?

Msomaji wa Kisumu ameandika: "Mwalimu, pokea salamu. Kila ninaposoma habari za Obama naambiwa kwamba kabla ya kuwa seneta alikuwa seneta. Jirani yangu ananicheka, anasema ule useneta wa kwanza ulikuwa kama uMCA tu, na hata huo alibebwa na wazee wa chama. Nieleze: ilikuwa kazi gani, aliipataje, na miaka yote hiyo alifanya nini hasa?"

Salamu zimefika, ndugu yangu. Jirani yako ameshika nusu ya ukweli, ila ameishika kwa upande usio wake. Ni kweli Obama alibebwa, na aliyembeba ana jina, nitamtaja. Lakini hayo yalikuja mwishoni, mwaka 2003. Kiti chenyewe hakupewa na mzee yeyote. Alikipata kwa kuwaengua wapinzani wake wote wanne kwenye makaratasi kabla mpiga kura hata mmoja hajapanga foleni.

Kwanza tumalize hilo la MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, maana ndilo linalowapoteza wengi. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina katiba yake, gavana wake, mahakama yake ya juu na bunge lake. Ukiwahesabu wabunge wote wa majimbo wanapita 7,300. Isipokuwa Nebraska, kila bunge la jimbo lina mabaraza mawili. Illinois ina Seneti ya watu 59 na Baraza la Wawakilishi la watu 118, na wote hukutana Springfield, mji mdogo ulio kilomita zipatazo 320 kusini-magharibi mwa Chicago, umbali unaokaribiana na wa Nairobi hadi kwenu Kisumu. Seneta wa jimbo hukaa huko. Seneta wa taifa hukaa Washington, na kila jimbo lina wawili tu, liwe kubwa liwe dogo. Obama alikuwa wa Springfield kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004, kisha akawa wa Washington kuanzia Januari 2005. Ndiyo maana unasoma useneta mara mbili.

Sasa, MCA wako hutunga sheria za kaunti ndani ya mipaka ya Jedwali la Nne la Katiba: masoko, zahanati, barabara za kaunti, shule za chekechea. Hawezi kugusa sheria ya mauaji. Bunge la Illinois linaweza. Ndilo linaloamua nini ni kosa la jinai na adhabu yake, ndoa ifungwe vipi, bima iuzweje, polisi wamhoji mtuhumiwa namna gani, na hata mipaka ya maeneo ya wabunge wa Washington ichorwe wapi. Ukitaka mfano wa karibu hapa kwetu, usitazame kaunti, tazama Zanzibar: Baraza la Wawakilishi la kule linatunga sheria kwa mambo yote yasiyo ya Muungano, chini ya katiba yake lenyewe. Mwakilishi wa Chukwani na seneta wa Springfield wangeelewana haraka kuliko seneta huyo na MCA.

Ila kwa heshima na mshahara, jirani yako hajakosea sana. Kikao kikuu cha Illinois huanza Januari na kwa kawaida humalizika Mei, na wabunge wengi enzi hizo walikuwa na kazi nyingine. Yupo aliyekuwa mkulima, yupo wakala wa bima. Obama mwenyewe alikuwa wakili katika kampuni ndogo ya Chicago iliyoshughulika na kesi za haki za raia, na alifundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago. Magazeti makubwa ya nchi hayamjui seneta wa jimbo. Majirani wengi pia hawamjui. Na afadhali Illinois: kule New Hampshire wawakilishi ni 400, na kila mmoja hulipwa dola 100 kwa mwaka.

Tuje kwenye kiti. Mwaka 1995 kiti cha Eneo la 13 la Seneti kilikuwa cha Alice Palmer, mwanamke msomi aliyeheshimika sana upande wa kusini mwa Chicago. Eneo hilo lilichanganya Hyde Park, mtaa wa chuo kikuu, na mitaa ya Weusi wa kipato cha kati na cha chini kama South Shore na sehemu za Englewood. Mwaka huo mbunge wa Washington wa eneo jirani, Mel Reynolds, alitiwa hatiani na mahakama akajiuzulu, na Palmer akaamua kuwania nafasi hiyo. Akamuunga mkono Obama arithi kiti chake cha jimbo. Septemba 1995 walisimama pamoja katika hoteli moja ya Hyde Park, Palmer akamtambulisha kijana huyo wa miaka 34 kwa wapiga kura wake.

Novemba 28 ukafanyika mchujo maalumu wa kiti cha Washington. Jesse Jackson Mdogo, mwana wa yule mchungaji maarufu, akashinda. Palmer akawa wa tatu. Wapambe wake wakamwendea Obama na ombi ambalo mtu yeyote wa siasa zetu angelitarajia: mpishe mama, wewe bado kijana, zamu yako itafika. Obama akakataa. Alisema alishaingia ulingoni kwa baraka zake, amekusanya watu na fedha, harudi nyuma. Palmer akachukua fomu tena kwa haraka.

Hapa ndipo siasa za Chicago zinapoonekana bila vipodozi. Ili jina lako liingie kwenye karatasi ya kura ya mchujo, ulihitaji saini 757 za wapiga kura walioandikishwa ndani ya eneo. Palmer alipeleka karibu 1,600, zilizokusanywa kwa siku chache kabla ya Krismasi. Timu ya Obama ikaenda ofisi za bodi ya uchaguzi, ikaomba makaratasi, ikapitia mstari kwa mstari ikilinganisha na daftari la wapiga kura. Huyu ameandika jina kwa herufi kubwa badala ya kutia saini, futa. Huyu anaishi nje ya mpaka, futa. Huyu hayumo kwenye daftari, futa. Walipomaliza, Palmer alikuwa chini ya kiwango, akajitoa. Wagombea wengine watatu nao wakawekewa pingamizi, nao wakaanguka. Machi 1996 Obama akapita mchujo bila kupingwa, na kwa kuwa eneo lile ni la Democratic, chama cha Obama, mpaka kwenye mizizi, uchaguzi wa Novemba ulikuwa wa kutimiza wajibu tu.

Wapo wanaoliona jambo hili kuwa doa. Mtu aliyewaandikisha wapiga kura wengi wa Chicago mwaka 1992 kupitia Project Vote, akianza siasa kwa kuwanyima wapiga kura wa mtaani kwake chaguo! Mimi nalitazama hivi: sheria ilikuwa sheria, saini zilikuwa mbovu kweli, na mtindo huo ulitumiwa na kila mtu Chicago. Lakini asiniambie mtu kwamba huyu alikuwa mlokole wa siasa aliyeingia kwa nguvu ya hotuba. Hotuba ya kushinda uchaguzi ule haikuwahi kutolewa kwa sababu haikuhitajika.

Alipofika Springfield Januari 1997 alikuta milango imefungwa. Chama chake kilikuwa cha wachache katika Seneti. Rais wa Seneti alikuwa James Philip wa Republican, maarufu kwa jina la Pate, mwanasiasa wa vitongoji vya wazungu magharibi mwa Chicago. Katika bunge lile mswada wa mtu wa upinzani hupelekwa Kamati ya Kanuni na kuachwa ulale humo mpaka kikao kife. Hakuna mjadala wala kura, na hakuna hata wa kumlaumu. Kwa miaka sita ya kwanza miswada mingi ya Obama ilizikwa huko.

Hata wenzake wa chama hawakumkimbilia. Machi 1997 alisimama kuwasilisha mswada wake wa kwanza, jambo dogo tu, orodha ya wahitimu wa vyuo vya kati ili waajiri wa jirani wawapate kwa urahisi. Rickey Hendon, seneta Mweusi wa upande wa magharibi mwa Chicago, mtu wa maneno makali, akaomba kumuuliza swali. Akamtaka atamke jina lake vizuri, kwa kuwa yeye linampiga chenga. Obama akalitamka. Hendon akauliza kama ni jina la Waairishi. Obama akajibu kwamba litakuwa la Kiairishi siku atakapogombea katika kaunti nzima. Utani huo una ndani yake: Kaunti ya Cook, yenye Chicago, ilikuwa na desturi ya jina la Kiairishi kupata kura kabla mgombea hajafungua mdomo, hasa kwenye viti vya majaji. Hendon akakubali kwamba utani ni mzuri, ila akamwonya kuwa mswada utakufa vilevile. Jina la Kogelo, kijiji cha baba yake, ndilo lililokuwa likichekwa pale, mbele ya maseneta, na mwenye jina akajifunza kucheka nao.

Uhasama wa wawili hawa haukuishia kwenye utani. Mwaka 2002 nusura washikane mashati ukumbini kwa sababu ya kura moja ya bajeti.

Alichofanya Obama katika miaka ya njaa ni kuwatafuta watu nje ya kundi lake. Jumatano usiku alikuwa nyumbani kwa Terry Link, seneta wa kaunti ya kaskazini, wakicheza poka pamoja na Denny Jacobs na Larry Walsh. Walikuwa wazungu wa mashambani na miji ya viwanda, Democratic wa mrengo wa kati, na wakati mwingine Republican na washawishi wa makampuni walijiunga. Dau lilikuwa dogo, sigara nyingi. Wenzake wanamkumbuka kama mchezaji mwangalifu aliyekunja karata mapema na kubaki pale tu alipokuwa na mkono mzuri. Sitatafuta falsafa humo. Ninachojua ni kwamba kwenye bunge linalolala mjini siku tatu au nne kwa wiki, mbali na wake na waume zao, meza ya karata ndiyo kamati inayokutana mara nyingi kuliko zote.

Mwaka 1998 ndipo alipopata mswada wa kwanza wenye uzito. Illinois ilikuwa haijagusa sheria ya maadili ya wanasiasa kwa takribani miaka 25. Mbunge aliweza kutumia fedha za kampeni kununua gari la familia, na hakuna kilichomzuia. Kiongozi wa upande wao, Emil Jones, alihitaji mtu wa kuketi kwenye meza ya mazungumzo kati ya vyama, na wazee wawili wanaoheshimika, Paul Simon aliyekuwa seneta wa Washington na Abner Mikva aliyekuwa jaji, walimpendekeza Obama. Ilikuwa kazi ya kuchukiwa: unawaambia wenzako warudishe zawadi na waache kula kwenye mfuko wa kampeni. Baadhi yao walimzomea kwenye vikao vya ndani. Akishirikiana na Kirk Dillard wa Republican, sheria ikapita. Ilipiga marufuku matumizi binafsi ya fedha za kampeni na kuweka mipaka ya zawadi. Ila ukitaka kujua sheria zinavyozaliwa kweli, tazama tundu lililoachwa: waliokuwa tayari na fedha kwenye akaunti siku ile waliruhusiwa kuendelea kuzitumia kiasi hicho watakavyo. Bila tundu hilo kura zisingepatikana.

Kisha akafanya papara. Mwaka 2000 aliamua kumvaa Bobby Rush, mbunge wa Washington wa eneo la kwanza, mmoja wa waasisi wa tawi la Illinois la Black Panther, chama cha wanaharakati Weusi, mtu aliyewahi kukaa gerezani. Wasimamizi wa siasa za Weusi walimwambia asithubutu. Wakati wa kampeni mtoto wa kiume wa Rush aliuawa kwa risasi, na kumshambulia baba aliyefiwa kukawa hakuwezekani. Mwisho wa mwaka 1999 Obama alikuwa Hawaii kwa bibi yake na familia, Gavana George Ryan akaita kikao maalumu cha kupiga kura ya sheria ya bunduki. Binti yake Malia, wa mwaka mmoja na nusu, akaugua, Obama hakurudi, na mswada ukaanguka kwa kura chache. Magazeti ya Chicago yalimchoma. Wapinzani walimwita msomi wa Harvard asiye Mweusi vya kutosha. Machi 2000 Rush alipata asilimia 61, Obama 30. Hata mitaa iliyomjua iligawanyika.

Agosti mwaka huo alikwenda Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa chama. Yeye mwenyewe ameandika kwamba alipofika uwanja wa ndege kadi yake ya benki ilikataliwa kwenye meza ya kukodi magari, na mkutanoni hakupata kibali cha kuingia ukumbini, akatazama hotuba kwenye skrini. Akarudi nyumbani kabla mkutano haujaisha. Alikuwa na umri wa miaka 39, na Michelle, kwa maelezo yao wote wawili, alikuwa amechoshwa na siasa hizi zisizolipa.

Jambo lililomtoa shimoni halina mvuto wa kusimulia, na ndiyo sababu wasimulizi wengi hulipita. Ni ramani.

Kila baada ya sensa mipaka ya maeneo huchorwa upya. Katiba ya Illinois inasema vyama vikishindwa kukubaliana, inaundwa tume ya watu wanane, wanne kila upande. Tume ikikwama, jina la mtu wa tisa huchaguliwa kwa bahati nasibu kati ya majina mawili, moja la kila chama. Soma tena sentensi hiyo. Uongozi wa jimbo la watu milioni 12 kwa miaka kumi unaamuliwa kwa kuchota karatasi. Mwaka 2001 likatoka jina la Michael Bilandic, aliyewahi kuwa meya wa Chicago, wa Democratic. Kuanzia dakika ile kalamu ilikuwa mikononi mwao.

Kabla ya hapo, masika ya mwaka huo, Obama alikuwa ameketi katika chumba cha kompyuta cha chama, kwenye jengo la ofisi mkabala na bunge, pamoja na mtaalamu wa ramani aitwaye John Corrigan. Chumba kilifunguliwa kwa alama za vidole na namba za siri, na aliyeingia lazima aruhusiwe. Kwenye skrini kila mtaa ulikuwa na rangi yake: wakazi wangapi Weusi, wangapi walipiga kura ya nani. Eneo jipya la 13 walilolichora lilibaki na Weusi wengi, lakini badala ya kuelekea magharibi kwenye mitaa ya maskini, lilipanda kaskazini kando ya Ziwa Michigan, likapita katikati ya jiji hadi Gold Coast, kwenye maghorofa ya matajiri wa Chicago. Wachapishaji, mawakili, wenye makampuni, familia za Kiyahudi zenye desturi ndefu ya kuchangia kampeni, wote wakawa wapiga kura wake. Eneo la seneta mmoja lilikuwa na watu wapatao 210,000. Aliwabadilisha sehemu kubwa yao kwa panya wa kompyuta.

Ukiuliza fedha za kampeni ya 2004 zilianzia wapi, jibu moja liko kwenye ramani hiyo. Ukiuliza kwa nini Oktoba 2, 2002, alialikwa kuzungumza kwenye mkutano wa kupinga vita vya Iraki pale Federal Plaza, tazama nani walioandaa: wanaharakati na matajiri wa pwani ya ziwa, watu wake wapya. Hotuba ile, iliyokuja kumtofautisha na Hillary Clinton kwenye mchujo wa urais wa mwaka 2008, ilitolewa na seneta wa jimbo ambaye hakuwa na kura yoyote ya kupiga kuhusu Iraki. Hilo halipunguzi ujasiri wake, ila liweke akilini.

Ramani hiyohiyo iliwapa Democratic wingi wa Seneti kwenye uchaguzi wa Novemba 2002, na Rod Blagojevich akawa gavana wao wa kwanza baada ya miaka 26. Januari 2003 Emil Jones akawa Rais wa Seneti. Huyu ndiye mzee wa jirani yako. Jones alianzia kazi ya ukaguzi wa mifereji ya maji machafu ya Chicago, akapanda ngazi za chama moja baada ya nyingine. Ni mtu wa sauti nzito na maneno machache, asiye na haraka. Obama alimjua tangu miaka ya 1980 alipokuwa mhamasishaji wa mitaani, akimpelekea maandamano mlangoni. Kama wote wawili walivyosimulia baadaye, Obama alimfuata akamwambia kwamba sasa ana uwezo wa kumtengeneza seneta wa Marekani. Jones akauliza ni nani anayemfikiria. Obama akasema: mimi.

Basi akabebwa. Jones alimpa uenyekiti wa Kamati ya Afya na Huduma za Jamii na kumkabidhi miswada mizito, ikiwemo ile ambayo wengine walikuwa wameilea kwa miaka. Hendon, tuseme, alikuwa amehangaika muda mrefu na mswada wa kuzuia polisi kuwasimamisha madereva kwa rangi zao. Jina kubwa juu yake likawa la Obama. Wenzake walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Katika mwaka mmoja akapitisha miswada 26.

Lakini kuna mmoja ambao nikiwa na mwanafunzi wa siasa mbele yangu humpa auchambue, kwa sababu pale Jones alifungua mlango tu, kupita alipita Obama mwenyewe. Ni ule wa kurekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji. Illinois ilikuwa imetoka kwenye aibu kubwa. Tangu irejeshe hukumu ya kifo mwaka 1977 ilikuwa imewaua watu 12, na ikabidi iwaachie 13 waliokwisha hukumiwa kifo baada ya kubainika hawakustahili. Baadhi ya maungamo Chicago yalipatikana kwa mateso katika kituo kilichoongozwa na Jon Burge. Gavana Ryan alisimamisha utekelezaji wa hukumu za kifo mwaka 2000, na Januari 2003, siku chache kabla ya kuondoka, akawaondolea adhabu ya kifo wote waliosalia, watu 167.

Obama alitaka kamera iwashwe tangu mtuhumiwa aanze kuhojiwa, si pale anapoungama. Polisi hawakutaka. Waendesha mashtaka hawakutaka. Gavana mpya Blagojevich, wa chama chake, alishasema anapinga. Wapinzani wa hukumu ya kifo nao walihofu kwamba mageuzi madogo yatairudisha mashine ile kazini ikiwa imepakwa mafuta. Kwa wiki kadhaa aliwakalisha pamoja vyumbani. Kwa polisi hoja yake ilikuwa kwamba kanda inamlinda pia askari mwaminifu, kwani mtuhumiwa hataweza kudai alipigwa. Kwa waendesha mashtaka akakubali sauti pekee itoshe mahali pasipo na kamera, akapunguza wigo ubaki kwenye kesi za mauaji, akaongeza mianya ya dharura, akawapa vituo muda wa kununua vifaa. Mswada ukapita Seneti bila kura hata moja ya kupinga, na Blagojevich akaugeuka msimamo wake mwenyewe na kutia saini. Alaska na Minnesota zilikuwa na sharti kama hilo kwa amri za mahakama zao. Illinois ikawa jimbo la kwanza kuliweka kwa sheria ya bunge. Hiyo si kazi ya mtu aliyebebwa mgongoni akiwa amelala.

Jirani yako akikuletea hoja ya kura za manjano, nayo ijibu. Maseneta wa Illinois wana vitufe vitatu: kijani ndiyo, chekundu hapana, cha manjano "nipo". Mswada unahitaji kura 30 kati ya 59 zote, hivyo aliyebonyeza manjano ameunyima mswada kura yake sawasawa na aliyekataa. Obama alikibonyeza mara 129 hivi kati ya kura zipatazo 4,000. Mwaka 2008 Clinton aliligeuza hilo kuwa uoga. Nyingine zilikuwa mbinu zilizopangwa na makundi ya haki za wanawake dhidi ya miswada ya utoaji mimba, nyingine mashaka ya kikatiba ya mwalimu wa sheria, na nyingine, kwa maoni yangu, zilikuwa kweli za mtu asiyetaka kunaswa na tangazo la kampeni la kesho. Kukunja karata mapema, tuseme.

Yaliyofuata unayajua. Machi 2004 alishinda mchujo wa useneta wa taifa kwa asilimia 53 mbele ya wagombea sita, wakiwemo Blair Hull, tajiri aliyemwaga mamilioni yake, na Dan Hynes, mwana wa ukoo wa chama. Julai alihutubia mkutano mkuu wa Boston, akiwa bado seneta wa jimbo, na safari hii kibali cha kuingia ukumbini hakikuwa tatizo. Novemba akapata asilimia 70. Kwenu huko bia ya keg iitwayo Senator, iliyoingia sokoni mwaka huohuo, ikaanza kuagizwa kwa jina la Obama.

Wapo wengine wenye asili ya kwetu wanaopita njia hiyohiyo, na ni vyema jirani yako awajue. Ilhan Omar, aliyekaa utotoni kambi ya wakimbizi ya Utange karibu na Mombasa, alianzia bunge la Minnesota. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alianza katika baraza la chini la bunge la jimbo la New York mwaka 2021 kabla ya kushinda umeya wa jiji mwaka 2025. Na mwaka 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa bunge la Minnesota. Huyo fuatilieni miswada yake, msisubiri awe mkubwa.

Na wale wa Springfield? Alice Palmer alimpigia debe Clinton mwaka 2008. Bobby Rush alibaki Washington hadi Januari 2023, na anabaki kuwa mtu pekee aliyewahi kumshinda Obama kwenye uchaguzi. Kiti cha Eneo la 13 kilipewa Kwame Raoul, mwana wa wahamiaji kutoka Haiti, ambaye tangu 2019 ni mwanasheria mkuu wa Illinois. Emil Jones alistaafu mwanzoni mwa 2009, wiki ileile Obama alipokuwa akijiandaa kuapishwa, na kiti chake kikachukuliwa na mwanawe, Emil Jones wa Tatu. Hapo sasa, ndugu yangu, mwambie jirani yako ndipo pa kutafuta aliyebebwa.